Klachi ya Bi Kizee

Nyumbani,
3 Machi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Sisi huku hatujambo, ila mvua imetukalia kooni. Paa la jikoni linavuja pale pale ulipopaziba, kwa hiyo usijisifu tena kwa kazi ile. Zahanati imejaa akina mama, na mimi mkunga ni mmoja, basi jua lenyewe nalionea dirishani.

Baba alishikwa na mafua mabaya mwezi uliopita, akalala, homa ikampanda mpaka akawa anaongea na Mama kama yuko chumbani. Nilitishika sana. Sasa amenyanyuka, yuko gerejini kila siku na chupa zake, watu wanamletea magari kama kawaida. Kilichobaki ni kulalamikia chakula. Kila nikipika anasema hakina ladha, anamwaga chumvi mpaka mimi ndiye nashikwa na kiu. Eti tangu Mama atuache hajala chakula, anatafuna majani tu. Nimemwambia aoe.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Bi Kizee anaumwa. Unajua gari lenyewe ndilo hilo hilo la Baba linalowapeleka wagonjwa wangu hospitali, na njia ni ule mteremko mmoja. Wiki iliyopita nilikuwa nimembeba mama mwenye uchungu. Kabla ya kona ya kwanza nikakanyaga klachi nipunguze gia, pedeli ikaenda chini ikalala huko huko. Nikaivuta kwa ncha ya kiatu. Gia ikalia kwa kelele, ikakataa kuingia, gari likawa linateremka halina gia yoyote. Nilishika breki kwa nguvu zote na kumwambia yule mama avute pumzi, kumbe asiyepumua ni mimi.

Nimegundua nikiikanyaga harakaharaka mara kadhaa inapata nguvu kidogo na gia inaingia. Nikingoja, inakwisha tena. Baba anasema klachi imechoka tu kama yeye mwenyewe, nisimletee maneno. Lakini Kaka, mimi nauogopa ule mteremko. Nikilala nauota. Niambie tatizo ni nini na nifanye nini.

Mdogo wako,
Kiroboto

*

Kambini,
19 Machi

Kiroboto,

Marahaba. Wifi yako anakusalimu, watoto wanauliza shangazi anakuja lini na peremende. Huku kambini barabara tunayojenga inasogea kwa mwendo wa konokono, na mimi nashinda chini ya makatapila na kutoka mweusi mpaka meno. Pole kwa mvua. Paa lile niliziba vizuri, sema nyumba yenyewe ina chuki na mimi.

Nimefurahi Baba amepona. Mwonee huruma na upishi wako.

Sasa sikiliza. Pedeli inayokwenda chini na kupata nguvu ukiipampu, huo si uchovu wa klachi yenyewe. Ni mafuta. Juu, nyuma ya pedeli, kuna silinda inayosukuma mafuta. Yanapita kwenye bomba jembamba mpaka silinda nyingine ndogo chini, ubavuni mwa giaboksi, nayo inasukuma wenzo unaoachanisha klachi. Ndani ya kila silinda kuna mpira unaozuia mafuta yasirudi nyuma. Mpira ukichoka, mafuta yanavuja, au upepo unaingia, na upepo haushiki kitu.

Fanya hivi. Fungua boneti uangalie kichupa cha mafuta, kimepungua au la. Halafu ingiza mkono nyuma ya pedeli, upapase pale fimbo yake inapoingia ukutani. Pakiwa na unyevu, silinda ya juu ndiyo mbovu. Kisha lala chini uiangalie ile ndogo. Ina kifuniko cha mpira mbele, kifunue. Mafuta yakichuruzika, umempata mwizi. Kama kote ni pakavu na pedeli bado inazama, mafuta yanapita ndani kwa ndani kwenye silinda ya juu.

Dawa ni kubadilisha mipira na kutoa upepo. Mtu mmoja ndani anakanyaga na kushikilia, mwingine chini anafungua kijiskrubu na kukifunga kabla mwenziwe hajaachia, mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Mafuta yawe ya breki, mapya, ya mkebe uliofungwa. Nakuuliza na ujibu: nani aliongeza mafuta mara ya mwisho, na aliyatoa wapi? Isije ikawa ni zile chupa za Baba. Unajua anavyohifadhi, mafuta yote kwenye chupa za soda zinazofanana, hakuna lebo hata moja, anafungua kizibo na kunusa. Pua yake haijawahi kumdanganya, nakubali, lakini mimi nilishamwambia maoni yangu na unakumbuka jinsi ilivyokwisha.

Siwezi kuja sasa hivi. Kazi imebana.

Mteremko uache mpaka gari lipone.

Kaka yako

*

Nyumbani,
6 Aprili

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua yako nimeisoma na Baba ameisoma. Yupo hapa mezani sasa hivi, anamenya karanga na kuniangalia ninavyoandika. Anasema nikuambie yeye mzima wa afya.

Ulikuwa sahihi. Nyuma ya pedeli palikuwa pakavu, lakini nilipofunua kile kifuniko cha chini mafuta yalinimwagikia mkononi. Baba akasema alijua tangu mwanzo, ila alitaka kuona kama nitagundua mwenyewe. Sawa Baba. Tuliagiza mipira mipya mjini, ya juu na ya chini, akaitia yeye. Hakukubali niguse spana. Mpira wa zamani nilipouona nilishangaa, Kaka. Nilidhani kitu kilichozeeka hukauka na kupasuka, lakini ule ulikuwa umevimba, mkubwa kuliko mpya, na laini kama fizi za mtoto. Hata wa juu ambao haukuvuja ulikuwa hivyo hivyo. Baba akautupa.

Halafu tukatoa upepo. Mimi nakanyaga, yeye yuko chini anapiga kelele, "Kanyaga! Shikilia! Nimesema shikilia, si ubembeleze!" Mapovu yalitoka mpaka yakaisha, akajazia mafuta, pedeli ikawa na nguvu kama ya gari jipya. Majirani walitoka kutazama nilipopiga raundi uwanjani. Nilifurahi mno.

Kuna kitu kimoja tu. Tangu hapo pedeli ya breki imekuwa juu na ngumu, na magurudumu ya mbele yanapata moto hata nikienda hapa na sokoni. Nilishika ringi nikaungua vidole. Zamani nikiachia hendibreki pale kwetu Bi Kizee alikuwa anaserereka mwenyewe mpaka getini, siku hizi hasogei. Baba anasema breki kali ndiyo breki, nishukuru.

Mkewe seremala ana mimba ya mapacha na tumbo lake silipendi. Nadhani mwisho wa mwezi nitamshusha hospitali kabla hajashikwa.

Kiroboto

Nimesoma. Gari ni zima. Usimtie mwenzako hofu kwa mambo ya vitabuni. — Baba

*

SIMU YA MAANDISHI
Kwa mkunga, zahanati
20 Aprili

GARI LISITEMBEE KABISA. BREKI ZITAKUFA. BARUA INAKUJA.

*

Kambini,
20 Aprili

Mdogo wangu,

Hii naituma zahanati, siitumi nyumbani, na simu nimeituma huko huko. Isome ukiwa peke yako.

Wote huku hawajambo. Samahani kwa mwandiko, naandika nimesimama posta.

Mpira unaovimba na kulainika haukuzeeka, umelishwa sumu. Mipira ya klachi na ya breki imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki peke yake. Ukitia mafuta ya injini, ya jeki au ya giaboksi, inayanywa na kufura. Na Bi Kizee ana kichupa kimoja tu pale juu, kinalisha breki, halafu mrija mdogo unatoka ubavuni kwenda klachi. Kilichoingia klachi kimeingia breki. Klachi imetangulia kufa kwa sababu mipira yake ni midogo. Sasa hivi mipira ya breki inavimba na ndiyo maana breki zinashika zenyewe na magurudumu yanaungua. Zitashika, zitashika, halafu siku moja mpira utageuka au kukatika na mguu wako utafika sakafuni. Siku hiyo ikiwa mteremkoni, na mapacha nyuma… Siwezi kuandika.

Hakikisha mwenyewe. Chukua glasi ya maji safi, chovya kijiti kwenye kile kichupa, dondoshea matone machache. Mafuta ya breki yanayeyuka na kupotelea majini. Yakielea juu na kung'aa, si ya breki.

Usijaribu kuyamwaga na kutia mengine. Haitasaidia. Kila mpira kwenye gari hilo ubadilishwe, wa klachi na wa breki, magurudumu yote, na mabomba yaoshwe kwa spiriti. Weka mawe kwenye magurudumu na funguo uzifiche.

Nilikuuliza ni nani aliyeongeza mafuta, hukunijibu. Nimeelewa, alikuwa amekaa mezani. Lakini kuna jambo lingine. Uliniandikia kwamba tangu mafua yale chakula chako hakina ladha. Nilicheka. Sasa sicheki. Mtu asiyepata ladha mara nyingi pua yake haifanyi kazi. Mwangalie Baba. Mwangalie kama unavyowaangalia wagonjwa wako.

Nijibu haraka, hata neno moja.

Kaka yako

*

Kambini,
2 Mei

Kiroboto,

Kimya. Nimekwenda posta kila siku. Yule karani ananiona na kutikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Ameniambia waya wa huko kwenu umeanguka kwa mvua na hajui kama simu yangu ilitangulia au ilichelewa.

Sijui kusalimia. Wifi yako amenificha kisu cha kunyolea kwa jinsi nilivyojikata. Nikikanyaga breki ya katapila naisikilizia mguuni kwanza. Nimemshusha dereva mmoja kutoka lori lake kwa sababu tu alisema klachi inachelewa, na bosi ameniuliza nina nini. Nikamwambia nina dada.

Kama ulipata simu na una hasira na mimi, sawa, kasirika, ila niandikie. Kama hukupata… basi sijui. Naandika tu ili mkono uwe na kazi.

Kaka

*

Hospitali,
3 Mei

Kaka,

Niko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa. Baba yuko hai. Mkewe seremala yuko hai na mapacha wake wote wawili, wasichana. Naandika barua hii kwenye benchi la wodi, Baba hajaiona.

Simu yako ilifika kabla waya haujaanguka. Niliweka mawe, nikachukua funguo na kumwambia Baba. Alinung'unika siku nzima, akasema wewe tangu zamani unataka kumfundisha kazi. Barua yako ya zahanati ilifika baadaye. Nikachukua glasi, nikaenda nayo gerejini, nikadondoshea mbele yake. Yakaelea, Kaka. Yalitanda juu ya maji yakang'aa. Baba aliyatazama, akasema maji ya zahanati yana dawa. Nikaleta maji ya kunywa ya nyumbani. Yakaelea tena. Akaondoka na kwenda kukaa uani.

Kesho yake seremala akaja mbio amembeba mkewe mgongoni. Damu ilikuwa inamchuruzika mpaka visigino. Nikajua papo hapo kwamba kwangu hawezi kupona, anahitaji kupasuliwa. Nikatuma watu watafute gari. La mwenye duka lilikuwa limekwenda safari. Lori la maziwa lilishaondoka. Nilisimama mlangoni na simu yako mfukoni, yule mama ananishika gauni, na sikujua nimuue kwa njia ipi.

Baba alikuja kutoka uani kwetu na kuniambia, "Leta funguo." Nikasema gari halina breki. Akasema, "Najua. Leta. Utaendesha wewe, mimi macho yangu hayafai kwenye ukungu. Ila utafanya ninavyokwambia na hutaguna." Sijawahi kumsikia akisema kwa upole namna ile na ndipo niliogopa kweli.

Klachi ilikuwa imekufa tena. Akaniambia nitie gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, halafu niwashe hivyo hivyo. Bi Kizee akaruka kama aliyechapwa, akajikokota, akawaka. "Sasa usiguse klachi, usiguse breki, usibadilishe gia mpaka hospitali. Injini ndiyo itakushika. Hendibreki ni ya waya, haina mafuta, niachie mimi." Akaishika kwa mikono miwili. Seremala nyuma alikuwa amempakata mkewe na kumwita mke wangu, mke wangu, njia nzima.

Tuliteremka hivyo. Injini ililia mpaka nikadhani itapasua boneti. Ukungu ulikuwa mzito sioni mbali. Kona ya kwanza tukaipita. Ya pili tukaipita. Kabla ya ile ya mwisho, mtu wa baiskeli akajitokeza katikati ya njia ana gunia la mkaa, na mimi, Kaka, mguu wangu ulikanyaga breki wenyewe. Ukaenda mpaka sakafuni. Hakukuwa na kitu chini yake, kama kukanyaga ngazi ambayo haipo. Nilipiga kelele. Baba akavuta hendibreki kwa uzito wake wote, gari likapinda, likasugua ukingo wa mlima upande wake na kioo kikang'oka. Yule mtu alirukia mtaroni. Tukapita juu ya mkaa.

Moshi ukajaa ndani. Harufu ya kuungua ilikuwa kali mpaka seremala akaanza kukohoa na mkewe akaziba pua. Nikasema, "Baba, breki za nyuma zinaungua." Akanigeukia na kuniuliza, "Umejuaje?"

Nilimtazama kidogo tu, maana njia ilikuwa mbele. Alikuwa anavuta pumzi tena na tena kama mtu anayetafuta kitu alichopoteza. Hakunusa kitu, Kaka, ilhali mimi macho yalikuwa yananitoka machozi.

Nilizima injini kwenye uwanja wa hospitali, gari likasimama kwa gia. Wakamchukua mama wa watu kwa machela. Baba alibaki kwenye kiti chake mikono bado imeshika hendibreki, nikamtoa kidole kimoja kimoja. Baadaye hapa benchini, bila kuulizwa, akaniambia tangu ile homa dunia nzima haina harufu. Sabuni, petroli, mimi mwenyewe, hakuna. Alidhani itarudi. Alikuwa anasugua mafuta kati ya vidole na kukisia. Akaniomba nisimwambie yeyote, hasa wewe.

Basi nimekwambia. Tunangoja lifti ya kurudi. Bi Kizee tumemwacha hapa kando ya uzio.

Dada yako

*

SIMU YA MAANDISHI
Kwa mkunga, zahanati
14 Mei

NIMEPATA. ASHUKURIWE MUNGU. CHUPA ILE ILE AMEWATILIA NANI WENGINE TANGU MAFUA. WAZUIE WOTE LEO.

*

Zahanati,
17 Mei

Kaka yangu,

Salamu nitaanza nazo kwa sababu nimezipata kwa shida: mkewe seremala amerudi nyumbani na mapacha wananyonya vizuri. Hiyo ndiyo habari njema niliyo nayo.

Waya umeshatengenezwa, na simu yako ilifika nikiwa na mgonjwa. Niliisoma mara mbili. Mimi sikuwa nimefikiria. Tangu turudi nilimwona Baba hali, halali, anakaa gerejini na mlango umefungwa, nikadhani ni aibu ya Bi Kizee. Nilikimbia na kumwonyesha. Alisoma akakunja karatasi na kuniambia, "Nilikuwa nangoja mtu aniulize." Sikumkemea. Nadhani alikuwa anawahesabu kichwani na kuogopa kufika mwisho.

Alivaa viatu. Tukaenda nyumba kwa nyumba. Unamjua Baba, mtu ambaye hajawahi kumwomba radhi hata kuku. Alibisha mwenyewe kila mlango na kusema maneno yale yale: "Gari lako lisitembee. Nilikutilia mafuta siyo. Kosa ni langu." Mwenye duka alicheka, akadhani ni mzaha, mpaka Baba akamwomba glasi ya maji. Mwalimu alimfokea mbele ya watoto wake na Baba akasimama kusikiliza mpaka akamaliza. Mwenye mashine ya kusaga alimfungia mlango usoni. Mimi nilikuwa nyuma yake na kila mlango ulipofunguka nilidhani tutaambiwa gari limeshapata ajali.

Likabaki lori la maziwa. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema alilijazia mwenyewe, tena mpaka juu, maana dereva ni rafiki yake.

Tulifika kiwanda cha maziwa tukaambiwa limeshatoka, liko njiani kwenda kuteremka. Baba alikimbia. Sikujua bado anaweza. Alikatiza nyuma ya zahanati, akatokea barabarani pale juu kabisa, hatua chache kabla ya njia kuinama, na lori likaonekana linakuja. Nilidhani atapunga mkono pembeni. Akaenda kusimama katikati, Kaka. Alitanua mikono na kusimama mbele ya lori ambalo breki zake ameziharibu yeye mwenyewe. Nilimwita. Hakugeuka. Honi ililia, magurudumu yakachimba matope, madumu yakagongana nyuma, nami nikafumba macho.

Nilipofumbua, bampa ilikuwa imegusa shati lake.

Dereva alichungulia akiwa amechanganyikiwa. "Mzee, unataka kufa?" Baba akamwambia, "Kanyaga tena." Yule bwana alidhani amerukwa na akili. Baba akapiga boneti kwa kiganja. "Nimesema kanyaga breki tena!" Akakanyaga. Niliona uso wake ukibadilika. Mguu ulikwenda chini bila kizuizi na lori likaanza kusogea, Baba yuko mbele yake. Mimi na dereva tulipiga kelele pamoja. Akavuta hendibreki, mimi nikasukumiza jiwe chini ya gurudumu, likasimama.

Ndipo mlango wa upande wa pili ukafunguka. Dereva alikuwa na wanawe wawili, anawapeleka kwa bibi yao. Mkubwa aliruka chini na kumwamkia Baba. Mdogo alikuwa amelala kwenye kiti, kidole mdomoni, na honi yote ile haikumwamsha. Ndipo Baba alipojua kwamba walikuwa ndani. Aliinama kushika magoti, nikadhani anatapika, kumbe analia.

Magari yote sasa yamesimama, hakuna aliyeumia. Nimewaambia watu fundi anakuja na mipira mipya na mafuta ya mkebe. Sikukuuliza kwanza, samahani. Najua uliondoka hapa kwa sababu ya maneno ya zile chupa, na najua kazi ikibana hubana kila mwaka mtu akiogopa kurudi. Mimi sitaki kujua nani alikuwa sahihi. Naogopa, Kaka. Naogopa kumwacha peke yake nikienda zahanati na naogopa kurudi jioni kufungua mlango.

Tangu siku ile amejifungia chumbani. Chakula anakipokea, hakilalamikii tena. Leo asubuhi amesema neno moja tu, akiwa nyuma ya mlango. Ameniuliza kaka yako anakuja lini.

Nimwambie lini?

Mdogo wako